Wiki Niliyohamia Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa. Daktari Bingwa, yule mama wa upasuaji anayetufundisha, ametutangazia kwamba atachukua mwanafunzi mmoja kusimama naye kwenye chumba cha upasuaji likizo nzima. Mmoja tu, darasa zima. Kushika, kuvuta, kukata nyuzi. Kuona tumbo likifunguliwa kwa macho yangu mwenyewe, si kuchungulia kwapani mwa wenzangu. Jumanne ya wiki ijayo atatujaribu mmoja mmoja: yeye anashona ngozi ya mbuzi, sisi tunamsaidia.

Nafasi hii ni yangu. Naitaka tangu nikiwa mtoto, Mama alipotolewa mawe ya nyongo, akaondoka nyumbani amekunjamana na kurudi akicheka. Tangu siku hiyo ananiita daktari wangu, hata mbele ya wageni. Siwezi kurudi kwake mikono mitupu.

Tena mwalimu wa maabara alishasema mafundo yangu ndiyo bora darasani. Lakini wenye mafundo mazuri ni wengi. Nahitaji kitu cha ziada, na leo nimekiona. Daktari Bingwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Na yule kijana aliyemchukua mwaka jana? Nimekumbuka vizuri: kushoto pia. Nikajumlisha. Anachukua wa kwake.

Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Kobe kwa sababu hata viatu anavifunga kwa mashauriano, ameniuliza nacheka nini. Nikamwambia nimeshiba. Hii ni siri.

Jumanne, 7 Mei

Nimehama rasmi. Mswaki umeingia puani. Vifungo vya shati vimenichukua muda hadi chai ikapoa, halafu chai yenyewe nikaimwaga kwenye kitabu cha Kobe, ukurasa wa ini. Kobe akaupangusa taratibu, akasema haina neno, ini limezoea kumwagiwa mabaya kuliko hayo.

Mazoezi ya kushona tunafanyia maganda ya ndizi. Kobe anakula, mimi nashona. Kwa kulia ningeshona ganda likarudi kuwa ndizi. Kwa kushoto nimelikamilisha jioni likiwa nyang'anyang'a. Kobe akalinyanyua kwa vidole viwili, akauliza kama mgonjwa aliacha watoto.

Akanishauri nitumie tu mkono wangu. Nimemwonea huruma. Hajui mjini kuna mambo.

Alhamisi, 9 Mei

Ushindi. Kisha aibu.

Asubuhi tulizunguka wodini na Daktari Bingwa. Nikajisogeza mpaka mbele yake na kuanza kuandika kwa kushoto. Mwandiko umetoka kama kuku amepita na miguu ya tope, lakini mwandiko nani anausoma. Akautazama mkono wangu kitambo. Akaniuliza tangu lini natumia huo. Nikamjibu tangu tumboni mwa mama yangu. Akasema pole sana, akaendelea na kitanda kingine.

Pole sana! Amenihurumia kama ndugu yake. Nimeingia.

Basi nesi akaniambia nimpe dawa bibi wa kitanda cha dirishani. Nikamnyooshea kikombe kwa kushoto, kwa sababu Daktari alikuwa bado mlangoni. Bibi akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akavuta shuka hadi kidevuni. Akauliza, kwa sauti ya kuwafikia wa kitanda cha mwisho, nimelelewa na nani. Nikabaki nimenyoosha mkono kama mwombaji. Kubadili nisiweze, Daktari anaona. Kuondoka nisiweze, dawa ninayo. Mwishowe nesi akaninyang'anya kikombe, akampa mwenyewe kwa mkono wa kulia, na bibi akamwita mwanangu.

Mimi kuitwa mjinga nimezoea. Lakini bibi aliendelea kuwasimulia wenzake kwamba huko nilikotoka hakuna mama aliyefunza. Hilo limeniuma. Mama yangu amenifunza vizuri sana. Nilitaka kurudi nimwambie, na sikurudi. Najuta hata sasa ninapoandika.

Jumamosi, 11 Mei

Mjomba amepita kunisalimia, ana safari zake. Tulikutana langoni, na wakati huohuo wanafunzi wawili wa darasa letu wanapita. Ningefanyaje? Nikamsalimu kwa kushoto. Wa kulia nimeutia mfukoni usije ukanisaliti, maana wiki hii umekuwa ukichomoka wenyewe kila unapoona kijiko.

Tukaenda kula. Mchuzi ukafika kila mahali ila mdomoni. Mjomba ni mtu wa maneno, anaweza kuanza kuaga sebuleni na akamalizia kituoni. Leo alinyamaza. Aliniuliza mambo mawili tu: kama nalala vizuri, na kama kichwa huniuma upande mmoja. Nikamwambia mimi mzima kama chuma. Akaniangalia mfukoni. Akaondoka hajamaliza soda.

Nadhani amechoka na safari.

Jumapili, 12 Mei

Mama amepiga simu. Analia.

Kwanza akaniamuru nitamke jina langu lote, polepole. Nikalitamka. Akasema mbona kama linavutwa. Kisha ikatoka yote: Mjomba amefika nyumbani, amewaambia mkono wangu wa kulia umekufa, nauficha mfukoni, na mchuzi unanitoka pembeni mwa mdomo. Mama amesikia kiharusi siku hizi hakichagui umri. Nikacheka. Akasema hata kicheko changu ni cha upande mmoja.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Maneno mawili matatu tu: Mama, ninaigiza. Lakini Kobe alikuwa chumbani, mlango wazi, na jirani yetu wa chumba cha ng'ambo ana masikio ya popo, naye anaitaka nafasi ileile. Nikamwambia Mama asijali, ni kitu kidogo tu, kitapita.

Kitu kidogo tu, kitapita. Sijui nilifikiri nini. Mama akakata simu. Mama yangu hajawahi kunikatia simu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeshona maganda mpaka Kobe ameomba likizo ya ndizi. Mkono umeanza kutii. Mafundo yanakaa, ukiyatazama kwa mbali.

Kobe akauliza kama nimejaribu kukata nyuzi, maana msaidizi kazi yake kubwa ni kukata. Nikamwambia kukata ni kukata, nani asiyejua kutumia mkasi. Yeye amekaa kitandani, amekata uzi kipande kwa kipande, vyote urefu mmoja, utadhani anaandaa tambi. Nikalala mimi.

Mama hapokei simu.

Jumanne, 14 Mei

Siku ya leo ingefutika kwenye kalenda ningeshukuru.

Kobe aliingia kabla yangu. Akakaa humo mpaka nikaanza kuwa na matumaini kwamba amezimia. Akatoka, akasema ngozi inanuka kidogo, basi.

Zamu yangu. Daktari Bingwa akaanza kushona, na mkono wake ni wa ajabu, hauna haraka na hauchelewi. Akafunga fundo, akainua ncha za uzi, akaniambia kata. Nikashika mkasi kwa kushoto, nikakata. Uzi ukalala katikati ya mkasi, ukajikunja, ukatoka mzima. Nikarudia. Ukatafunika kama jani kwenye kinywa cha mbuzi mzee. Mara ya tatu, jasho linanidondokea kwenye barakoa, ukakubali kukatika mahali ambapo hapakutakiwa, na fundo lake zuri likafumuka.

Akaweka sindano chini. Akasema mikasi yote ya wasaidizi chumbani humu imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kulia. Ukiishika kwa kushoto na kuibana kawaida, makali yanaachana. Kila mtu wa kushoto amelijua hilo tangu utotoni, amelia nalo, na amejifunza kusukuma kidole gumba kinyume ili ukate. Yeye mwenyewe alilia nalo. Akaniuliza mimi nilijifunzia wapi ukushoto wangu.

Kabla sijatunga jibu, mlango ukagongwa. Nesi akasema kuna mama hapo nje, amekataa kukaa na amekataa kuondoka.

Nikaijua sauti kabla sijamwona. Mama. Amevaa kilemba chake cha kutokea, viatu vyekundu kwa vumbi, amesafiri tangu alfajiri. Mimi hakunisalimu. Alimwendea Daktari moja kwa moja, akamshika mikono yote miwili, akamsihi. Akamwambia huyu ni mtoto wa mkono wa kulia tangu anatambaa, kila alichokipora nyumbani alikipora kwa mkono huo, sasa umekufa na anatuficha. Akasema kama kuna mshipa wa kuunga, wachukue wa kwake, yeye amekwisha kula chumvi nyingi na mkono wake hauna kazi kubwa.

 Daktari akanishika mkono wa kulia, akautia mkasi, akainua uzi. Akasema kata.

Nikakata. Safi. Akainua mwingine, nikakata. Wote, urefu anaoutaka, bila kuambiwa. Mama akamshukuru Mungu, akakaa juu ya kigoda cha nesi, akajifunika uso kwa kilemba, akalia mabega yakitikisika.

Ndipo Daktari akanieleza, kwa upole, na afadhali angenifokea. Hospitali nzima ina mkasi mmoja wa watu wa kushoto, na ni wake. Mwaka jana alichukua kijana wa kushoto, likizo yote wakanyang'anyana mkasi huo. Mwaka huu alikuwa anatafuta mtu wa kulia. Mwalimu wa maabara alishampa jina. Lilikuwa langu. Siku ile wodini aliponiona naandika, alisikitika, akadhani mwalimu amekosea mtu.

Kwa hiyo nafasi ilikuwa yangu tangu Jumatatu, kabla sijaanza kuitafuta.

Mama akaelewa taratibu, nikimwona anaelewa. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekula.

Jumatano, 15 Mei

Nafasi amepata Kobe.

Amekuja kuniambia mwenyewe, amesimama mlangoni kama amevunja kitu. Akasema nikitaka, atakwenda kwa Daktari amwombe anipe mimi. Na angekwenda, namjua, angefika hata kwa mwendo wake ule. Nikamwambia hongera, anastahili. Kisha nikaenda msalani nikafungua bomba la maji, nikalia.

Nimemsindikiza Mama kituoni. Mkoba wake aliniambia niubebe kwa mkono wa kulia, na njia nzima alikuwa akiutazama huo mkono, si barabara. Nikamwomba msamaha. Akasema yamekwisha. Tulipofika akasema jambo moja tu: Mjomba alipoleta habari, yeye hakufikiria udaktari hata kidogo. Alikaa jikoni akijiuliza siku akiwa hayupo, nani atanilisha.

 Mchuzi ule niliumwaga kwa ajili ya nafasi, na yeye ndiye aliyekosa usingizi.

Nikamwapia kwamba sitajifanya tena mtu ambaye si mimi. Nikainua mkono. Akatazama kwanza ni upi, ndipo akapanda basi.

Jumatatu, 20 Mei

Ukurasa mpya. Muhula ujao tunaingia mifupa.

Bingwa wa Mifupa naye huchukua msaidizi mmoja. Leo nimemwona akivuka ua, anachechemea mguu mmoja. Wanasema ni mpira wa ujanani. Na yule mwanafunzi wake wa sasa? Nimemchunguza kantini. Amefungwa bendeji kifundoni. Mimi sisemi kitu. Mimi najumlisha tu.

Mpira sijawahi kucheza, lakini wa zamani nani anaukumbuka. Jioni nimefanya mazoezi ukumbini, kwenda na kurudi. Kobe akauliza nimeumia wapi. Nikamwambia ni jeraha la siku nyingi, lile la fainali. Akafikiri sana, kisha akanisogezea kiti.

Ila mimi si mjinga wa kuteleza palepale. Safari hii nimetanguliza la muhimu: nimempigia Mama mapema, nikamwambia akisikia kwa mtu yeyote kwamba nachechemea, asishtuke, wala asipande basi.

Nikamsikia Mama akivuta kiti, akakaa. Kisha akauliza ni mguu upi.