Gari Lisilosubiri Marahaba

Cheyo, Tabora
Jumatatu

Kwako Fundi Mabruki wa Kanyenye,

Pokea salamu zangu kwa maandishi. Ningekuja gereji mwenyewe, lakini ningekupita.

Nakumbuka siku ulipolegeza distribyuta ya gari langu, ile inayogawa cheche, ukaizungusha kidogo, ukasema, "Mwalimu, sasa cheche inawahi. Litavuta." Sibishi, somo hilo nilikufundisha mimi, kidato cha tatu. Cheche ikiwaka mapema kidogo kabla pistoni haijafika juu, moto unapata muda wa kuisukuma sawasawa. Na gari la automatiki lina jambo la ziada: kati ya injini na gia kuna lile bakuli mnaloliita konveta, mfano wa feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta. Injini inazungusha ya kwanza, mafuta yanaisukuma ya pili. Injini ikiwa dhaifu, feni ya pili inasinzia. Ikipata nguvu, haisinzii tena, hata kama dereva hajakanyaga kitu.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Gari limeacha adabu. Zamani nikigusa breki tu lilitulia mpaka salamu ziishe. Sasa linatambaa, na goti langu la kulia, unalijua, haliwezi kukandamiza breki kwa muda wa kuulizia nyumba nzima. Ijumaa nilimwamkia Bi Amne mbele ya duka lake. Alipofika kwenye habari za watoto, aliyekuwa mbele yake ni mbuzi.

2. Utasema niweke gia huru. Nimeweka. Injini ikishatua mzigo wa konveta inanguruma, na Bi Amne akadhani namfokea. Utasema nizime. Mabruki, kuzima gari mlangoni pa watu kabla hawajakukaribisha ni kujikaribisha.

3. Hili ndilo linaloniumiza. Jumamosi nilikwenda Bukene, nikiwa mshenga wa mpwa wangu Aleksi, kumposea binti aitwaye Janeti. Babu yake binti, Mzee Masolwa, alisimama langoni kunipokea. Nikasema shikamoo, nikapita. Nikageuza karibu na stesheni, nikarudi, nikasema shikamoo, nikapita. Mara ya tatu alivua kofia, nami nikapita tena. Nilirudi Tabora bila kushuka. Aleksi hajala tangu siku hiyo, na mama yake, dada yangu Recheli, anasema nimemzika mwanawe kwa kiburi changu.

4. Wazee wetu walipita mji huu na pembe za ndovu mabegani, miezi mitatu hadi pwani, na hawakukosa muda wa kuagana na mtu. Wewe umenipunguzia safari dakika kumi na kuniondolea ukoo mzima wa wakwe.

Kwa hiyo naomba uirudishe cheche nyuma mpaka gari lisinzie. Na tangu leo usipime kwa ile taa yako ya kupimia cheche, upime kwa salamu: mtu asimame dirishani, aulize habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe na za mvua. Akimaliza na gari bado lipo, kaza nati. Kisha tuandamane Bukene ukamweleze Mzee Masolwa habari za konveta. Uje na feni mbili.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, mmoja mmoja, polepole.

Mimi mwalimu wako wa zamani, niendaye bila kupenda,
Revocatus

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha, Mzee Masolwa amempigia simu Recheli. Posa imekubaliwa. Anasema ameposewa wajukuu wengi, lakini hajapata kuona mshenga aliyepita langoni mara tatu akiamkia bila kuthubutu kuingia. Watu wenye heshima namna hiyo, anasema, walikwisha zamani. Aleksi anakula. Kwa hiyo distribyuta usiiguse. Ila nina mpwa mwingine, Modest, na wakwe anaowataka yeye ni wagumu zaidi. Ukipata nafasi, iwahishe cheche kidogo tena.