Matumbawe ya Chumba cha Rumaisa

Jumatatu, 4 Agosti

Tangi jipya la samaki limefika! Limetoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, likavuka kwa mashua hadi kisiwani kwetu, likapakiwa juu ya punda. Punda akafika kona ya kwanza akagoma. Nilimtukana, kisha nikaona hana kosa: tangi lilikuwa pana kuliko kichochoro. Wachukuzi wakalibeba mabegani, limefunikwa shuka. Wazee wa barazani wakasimama wakidhani ni jeneza. Mmoja akauliza aliyefariki ni nani.

Nia yangu ni moja: kumpita Faiz. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, fundi wa mabomba katika hoteli moja kule Manda. Tangi lake lina taa za buluu. Kila anayetoka kwake huja kwangu kunisimulia uzuri wake, kana kwamba nimeuliza.

Shida ni mahali. Tangi linaenea katika chumba kimoja tu, kile cha juu chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kupangia vyombo. Ndicho tulichomwekea binti yetu, Rumaisa. Ameposwa na Mahir wa Pate, na Jumapili mama mtu, Bi Radhiya, anakuja kukitazama chumba kabla ya kutoa neno la mwisho. Kwetu binti haolewi na begi. Huolewa na chumba, mume ndiye ahamiaye. Mke wangu Hadia amenionya kwamba chumba kisiguswe, na kwamba posa hii ikivunjika kwa sababu yangu, nitafute pa kulala. Nimemweleza kuwa tangi ni pambo. Akanyamaza. Kimya chake nimekihesabu ruhusa.

Jumatano, 6 Agosti

Tangi tupu ni kabati la kioo. Samaki wa maji chumvi wanataka mawe ya matumbawe, wapate mapango ya kujificha. Nimekwenda pwani na ndoo, bahari imekupwa vizuri, nikamkuta Wafula. Wafula ni kijana wa bara, kazi yake kulinda bahari yetu dhidi yetu. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Akasema kwa upole kwamba matumbawe hayachukuliwi, ni sheria. Nikamwambia mimi nimezaliwa hapa. Akasema hata matumbawe yamezaliwa hapa.

Nimerudi na hasira. Nimejilaza chali katika chumba cha Rumaisa, natazama ukuta. Hapo akili ikafunguka. Nyumba hii yote imejengwa kwa mawe ya matumbawe! Wazee wetu waliyatoa baharini kabla babu yake Wafula hajazaliwa. Sheria ya bahari haina habari na ukuta wangu. Mimi ni mtu wa kufikiri, basi tu sina wa kunisifu.

Alhamisi, 7 Agosti

Hadia kaenda sokoni. Nimeanza na kidaka cha chini kabisa, pembeni, pasipovuta jicho. Mawe mawili yametoka kwa patasi bila matata, mazuri, yana vitundu kama mkate wa mimina. La tatu likakaidi. Nikalipiga. Likaenda upande wa pili.

Sikujua kwamba nyuma ya zidaka ukuta ni mwembamba namna ile. Tundu la ukubwa wa sinia! Nikachungulia. Faiz alikuwa ameketi na kikoi chake, mkate wa mofa mkononi, jiwe langu limetua ndani ya bakuli lake la mchuzi. Hakushtuka. Aliniuliza kama nilikuwa nataka kuazima chumvi.

Nimemsihi asiseme. Amekubali haraka mno, jambo nisilolipenda. Akataka kujua kama kweli tangi langu ni kubwa kuliko lake. Nikasema ndiyo. Akasema hongera. Neno lile limeniharibia alasiri nzima.

Tangi nimeliweka mbele ya tundu, nikaacha nafasi kidogo nyuma kwa ajili ya waya na pampu. Ukisimama mlangoni huoni kitu; kupitia kioo, tundu ni giza la kidaka tu. Mawe nimeyapanga, nikajaza maji ya bahari, nikawahamisha kutoka karai la zamani vitatange wangu, samaki wa milia, na bunju wangu, yule wa kujivimbisha. Hadia amerudi, ametazama, amesema nimefagia vumbi vibaya. Hilo tu! Wanawake huona vumbi, hawaoni tundu.

Jumamosi, 9 Agosti

Maji yamegeuka maziwa. Meupe pepepe. Vitatange wanalala ubavu, bunju amefura. Nimeongeza kasi ya pampu, weupe ukaongezeka.

Nimeinama nyuma ya tangi nikamwita Faiz tunduni, kwa sauti ya chini, na Mungu anajua ilivyoniuma. Faiz kacheka kwanza, akamaliza kucheka, ndipo akasema ni chokaa. Mawe ya ukuta yamelala ndani ya chokaa miaka yote, nami nimewatia samaki wangu katika sumu. Akazunguka na ndoo kwa mlango wa mbele, akawachukua wote. Sasa wako kwake. Nimewaona kupitia tundu, wanaogelea chini ya taa za buluu, wachangamfu kuliko nilivyowahi kuwaona. Wasaliti.

Jumapili, 10 Agosti

Tangu asubuhi nabadilisha maji, mgongo unalia. Yamekuwa safi, ila hamna samaki hata mmoja. Nimemwambia Hadia samaki wa hali ya juu huona haya mbele ya wageni. Hana muda wa kunibishia, yuko mbioni na udi na mahamri.

Bi Radhiya kafika na dada zake. Wanawake wakapanda juu. Mimi nikabaki ngazini, si kwa kusikiliza. Ngazi ni zangu. Nikawasikia wakisifu boriti za dari, wakisifu zidaka. Kisha nikamsikia Rumaisa akiwakaribisha, sauti yake inatetemeka. Hapo moyo wangu ulishuka, siwezi kuficha. Mtoto anampenda yule kijana. Nami nilikuwa nimemtobolea ukuta wa maisha yake kwa ajili ya bunju.

Halafu Bi Radhiya akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya juu, kama mtu aliyeona shetani.

Hadia amenisimulia baadaye, meno yamekazana. Ndani ya tangi, katikati ya mawe, ulitokea uso mkubwa wenye wanja na kipini, umejaa kioo kizima. Uso ukatabasamu. Ukatoa salamu, ukawauliza wageni habari za Pate. Alikuwa Fahima, mke wa Faiz, kaja tunduni kusalimia, maana jirani mwenye adabu hanyamazi wageni wakiingia.

Rumaisa akaanza kulia. Hadia anasema alitamani sakafu ifunguke. Bi Radhiya akainuka, akaenda nyuma ya tangi, akainama. Akapenyeza mkono. Mkono ukarudi na kipande cha halwa. Akakaa chini, akala, wote wanamngoja.

"Hii ni ndia," akasema. "Kwetu majumba ya kale yali na ndia kama hizi. Mtu huenda kwa mwendani wake asitoke nde." Yaani njia ya ukutani, mtu amwendee rafiki bila kutoka nje.

Akauliza fundi ni nani, aliyekumbuka mambo ya wazee. Hadia akamsogezea mahamri.

Posa imepita! Harusi ni baada ya Maulidi. Bi Radhiya katoa masharti mawili. Tundu litengenezwe vizuri, litiwe mlango mdogo. Na tangi litoke, kwa sababu Mahir anashinda baharini, na hataki mwanawe arudi nyumbani akute bahari imemtangulia.

Jumatano, 13 Agosti

Hadia amempa Faiz tangi langu. Bure. Sasa anayo mawili, na watu wanakuja kuniambia jinsi yanavyopendeza yakiwa pamoja.

Nimetafakari kwa utulivu. Bila tangi lisingekuwepo tundu, bila tundu Bi Radhiya asingekumbuka kwao, asingelainika. Kwa hiyo ndoa hii nimeifunga mimi. Hakuna aliyenishukuru. Badala yake nimeapishwa kwamba sitagusa ukuta na sitaingiza tangi ndani ya nyumba hii. Nimeapa, na mimi ni mtu wa neno langu.

Birika si tangi. Birika la chooni, lile hodhi tunamochota maji ya kuoga na kutawadha, limekuwepo tangu enzi za babu. Sikuliingiza mimi. Ni kubwa kuliko matangi ya Faiz yote mawili! Nimelimulika kwa tochi: limejengwa kwa mawe ya matumbawe, limepakwa chokaa kila upande, jeupe, laini, halina ufa. Kazi imekwisha kabla sijaanza. Tangu alfajiri nabeba maji ya bahari. Vitatange wawili wapya wameshaingia. Wamelala ubavu; safari imewachosha.

Rumaisa ametoka kuoga, ngozi imekakamaa, anauliza maji yana nini. Nimemwambia ni singo mpya, ya kusugulia ngozi ya bibi harusi. Ameonekana kuridhika.