Kiti Kimoja Kipya Masjala

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu ametukusanya masjala asubuhi. Alhamisi anakuja mtaalamu wa afya kazini kuangalia tunavyokaa. Kimenunuliwa kiti kimoja, cha magurudumu, egemeo linapanda na kushuka, mikono ina sponji. Atapewa atakayeonekana anaumia kuliko wengine. Nimekichungulia stoo, bado kiko kwenye nailoni. Nimekipenda kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Sina maumivu yoyote. Hilo linarekebishika.

Mpinzani ni mmoja tu: Bi Mihuri, karani ninayetazamana naye meza kwa meza, anayegonga mihuri kwenye barua. Miaka kumi na moja juu ya kiti cha mbao na hajalalamika hata siku moja. Huyo si mpinzani.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza kuchechemea. Mguu wa kushoto. Baada ya chai nikasahau, nikachechemea wa kulia. Tarishi akauliza ugonjwa umehama lini. Nikamjibu kwamba maumivu ya mgongo yana tabia ya kutembea. Akasema basi yanatembea kuliko mimi ninavyotembea nikitumwa.

Nyumbani nimeingia nimeinama hivyohivyo, kwa mazoezi. Mke wangu hakuuliza sana. Akanitandikia mkeka sakafuni, eti mgongo mbovu haulazwi palipo laini. Kitanda kizima amebaki nacho yeye.

Jumatano, 5 Machi
Mkeka. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 6 Machi
Mtaalamu ni mama mfupi mwenye futi na daftari. Alianza kwa Bi Mihuri. Akapima meza, akapima kiti, akamwambia anyanyuke, akae, anyanyuke tena. Bi Mihuri akasema hajambo, anashukuru. Nikajua amekwisha.

Zamu yangu nilimwaga yote. Mgongo, kiuno, shingo, kisigino. Nikasema nikikaa ni kama nimekalia jiko. Akauliza, nikisimama je? Nikaona hapa ndipo pa kukoleza chumvi. Nikasema nikisimama ni raha tupu, naweza kusimama mpaka kiama. Akaandika mstari mrefu, kisha akaupigia wino chini. Moyo ukacheza ngoma.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kimekwenda kwa Bi Mihuri.

Mtaalamu hakusikiliza maneno yake, alitazama mtandio. Bi Mihuri huukunja akauweka nyuma ya kiuno, na kabla hajanyanyuka hushika meza kwa mikono miwili na kufumba macho. Nimekaa mbele yake miaka sita. Huo mtandio sikuwahi kuuona.

Mimi nimeandikiwa kusimama. Seremala ameinua meza yangu kwa vipande vinne vya mbao. Kiti changu cha zamani kimefungiwa stoo, nisije nikashawishika. Mkuu akanipongeza mbele ya watu wote kwa kuwa muwazi kuhusu afya yangu. Wakapiga makofi. Tarishi alipiga ya ziada.

Jumatatu, 10 Machi
Saa mbili mpaka saa kumi, wima kama nguzo. Miguu imevimba, viatu havivuliki. Mgongo sasa unauma kweli, na sina wa kumwambia, maana wote nimeshawaambia.

Mchana, wenzetu walipotoka kwenda kula, Bi Mihuri alikisukuma kiti chake mpaka mezani kwangu.

"Kaa kidogo, kaka."

Nikamshukuru, nikasema mgongo hauniruhusu.

"Mgongo wako naujua tangu ulipohama mguu," akasema. "Kaa. Mimi nakwenda kula, nikirudi utanipisha."

Hakucheka wala hakumwambia mtu. Nikakaa. Nilimtazama akitoka, anashika ukuta kila hatua ya tatu, na mimi ndiye niliyetaka kumnyang'anya. Nikaapa pale pale: kuanzia leo mimi ni mtu mkweli, ofisini na nyumbani.

Jumatano, 12 Machi
Nimeamka mapema, nimenyoa, nimevaa shati la kukiri makosa. Jeupe. Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu kumweleza yote.

Mlango ulikuwa wazi nusu, naye alikuwa kwenye simu. Nikasubiri kwa adabu. Nikasikia kwamba wiki ijayo anakuja mtaalamu wa macho, na mwenye macho mabovu kuliko wote atahamishiwa chumba cha mbele, penye dirisha kubwa, feni na sofa.

Nikarudi kinyumenyume. Ukumbini nilikutana na kabati la mafaili. Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikaliamkia shikamoo. Kisha nikauliza hali za watoto.

Tarishi alikuwa anatazama. Nadhani ameamini.