Kiluwiluwi wa Matisi na Kalamu ya Wepukhulu

Njooni, enyi wa Matisi na wa Tongaren, wekeni chini vikapu na majembe, msikie habari ya vita vilivyopiganwa juu ya ukurasa mmoja wa daftari! Na Mungu aliyemfundisha Nuhu kupima safina auongoze mkono wangu, maana nami nilijifunza kuandika jina langu nikiwa na miaka arobaini na mitatu.

Ilikuwa mwaka wa 2004, katika darasa letu la gumbaru, shule ya watu wazima, hapa Matisi, saa kumi na moja jioni. Mwalimu Aaliyah, mshika chaki asiyetetereka, alikuwa ametuletea chupa ya maji ya dimbwi yenye vijidudu ambavyo kesho vingekuwa mbu. Amri yake ilikuwa moja: tazama, kisha andika ulichokiona. Hivyo alitufundisha sayansi na kuandika kwa pigo moja.

Ndipo akaingia Bwana Gicheru, afisa wa elimu, simba wa mihuri, na fomu yenye visanduku viwili: KUSOMA NA KUANDIKA, au SAYANSI.

"Mwalimu, hapa ni tiki moja tu," alinguruma. "Hiyo chupa niondoke nayo. Hawa warudi kwa a, e, i, o, u."

Tukaugua kama jeshi lililozingirwa, kwa kuwa a, e, i, o, u tulikuwa tumeziimba miaka miwili bila kufika popote.

"Bwana Afisa," akasema Mwalimu, "chagua yeyote. Akiandika alichokiona bila kosa, utatuachia chupa?"

Afisa akapima majeshi yetu kwa macho, akamnyooshea kidole Wepukhulu.

Ole wetu! Wepukhulu, ngome ya Tongaren, mlinzi wa ghala la mahindi, mwenye mabega ya fahali, alikuwa na maadui wawili tu duniani: l na r. Kwake walikuwa mapacha wasiotofautishwa hata na mama yao. Wali aliita wari, na barua aliita balua. Na mdudu yule, ambaye jina lake tulikuwa tumelisikia tu bila kuliona ubaoni, ni kiluwiluwi.

Shujaa akainua kalamu. Akaandika "Ki". Akakwama. Jasho likamtiririka hadi kwenye daftari.

"Andika bana!" akapaza sauti Kadija, muuza samaki wa omena, kutoka benchi la nyuma. "Ama mdudu amekuuma?"

"Mama, wacha! Si unaona niko vitani? Ata Daudi hakupigiwa kerere!"

Kisha akafumba macho, akaomba kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Baba, wewe ndiye ulimuumba huyu mdudu. Jina rake unarijua."

Akafumbua macho, akainamia chupa, akatazama kwa muda mrefu.

"Amesimama wima," alinong'ona. "Ati kama fimbo. Hajapinda shingo kama ire ingine."

Tukashika pumzi, kwa maana Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba l ni fimbo iliyosimama, na r ni fimbo iliyopinda shingo. Kalamu ikashuka kama mkuki: "Kiluwiluwi amesimama kichwa chini, anapumua kwa mkia."

Afisa akakagua herufi moja moja. Hakupata kosa.

"Haya, soma."

"Kiruwiruwi amesimama..."

"Umesema r!"

"Bwana Afisa," akajibu Wepukhulu, kifua mbele, "mdomo ni wa Tongaren. Rakini mkono umesoma Matisi."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Gicheru peke yake hakucheka. Alikuwa ameisoma tena ile sentensi. "Kwa mkia?" akauliza polepole. "Kweli anapumua kwa mkia?" Akavua miwani, akaegemeza pua kwenye chupa, akatazama mpaka chai tuliyomwekea ikapoa.

Aliponyanyuka, aliomba rula. Akachora kwenye fomu kisanduku cha tatu, kuunganisha vile viwili, akakitia tiki.

Enyi vizazi vijavyo, wafalme wamechora mipaka ya nchi kwa damu. Huyu alichora kisanduku chenye upana wa punje ya mahindi, nasi tukasimama tukashangilia, na Wepukhulu akaketi taratibu, kama mtu anayejua kwamba kuanzia siku hiyo ataamkiwa yeye kwanza.