Waraka wa Kuziaga Vani Kumi na Moja

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Eldoret na vitongoji vyake kwamba mwaka huu Shirika la Maji la Nyanda lilikuwa la kwanza nchini, na pengine barani, kuyafanyia magari yake mazishi ya kiofisi yakiwa bado yanatembea. Utaratibu wa mazishi hayo niliuandika mimi. Naitwa Lazarus Otiende, Ofisa Mkuu wa Magari, na naomba nieleze yaliyotokea kwa mpangilio, maana mjini kuna watu wanaoyasimulia huku wakicheka.

Yalianza na barua. Kiwanda cha ng'ambo kinachounda vani zetu kilitangaza kwamba baada ya miaka arobaini na mitatu kinaacha kuunda aina hiyo. Mnazijua vani zetu: nyeupe, pua butu, mlango wa kuvuta ubavuni, na kichanja cha chuma juu cha kubebea mabomba ya mita sita. Tulikuwa nazo kumi na moja. Barua iliwashukuru wateja na kuwahakikishia kwamba spea zitapatikana kwa miaka mingi ijayo. Mkurugenzi wetu, Bwana Vincent Kimeli, hakufika kwenye spea. Alisoma aya ya kwanza, akaniita, akaniuliza shirika linalojiheshimu linawezaje kuendesha gari ambalo hata aliyelizaa amelikana.

Nilimjibu kwamba haliwezi. Nimekaa ofisi hii miaka kumi na miwili na najua swali la mkubwa huja na jibu lake mfukoni.

Ndipo nilipoandika Waraka wa Ndani Nambari 14. Ndani yake nilitofautisha, kwa mara ya kwanza katika fani yetu, uhai wa kimitambo na uhai wa kiutawala. Gari lenye uhai wa kimitambo huwaka ukizungusha ufunguo. Lenye uhai wa kiutawala limo kwenye rejista. Kiwanda kikisitisha aina fulani, uhai wa kiutawala unakatika siku hiyo hiyo, na gari, hata kama linanguruma, linahesabiwa kuwa halipo. Bwana Kimeli aliusoma waraka akiwa amesimama. Alisema nina kichwa.

Hafla ya kuziaga ilifanyika uani siku ya Ijumaa. Vani ziliogeshwa, zikafungwa utepe mweusi kwenye vioo vya pembeni, mchungaji akaomba, keki ikakatwa. Madereva waliambiwa wakabidhi funguo mmoja mmoja, wainame kidogo, kisha warudi nyuma. Kumi walifanya hivyo. Wa kumi na moja alikuwa Mama Selpha Amondi.

Mama Selpha ni dereva na fundi wa mabomba kwa pamoja. Anaishi Langas, amelea watoto wanne kwa kazi hiyo, na vani namba saba ameiendesha miaka kumi na tisa. Alishika ufunguo wake, akaniuliza mbele ya watu:

"Mzee, hii yangu imekosea nini?"

"Haijakosea, Mama. Imekwisha."

"Imekwisha aje na asubuhi nimeshuka nayo kutoka Timboroa?"

Nilimweleza kwa upole habari za uhai wa kiutawala. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaweka ufunguo mezani karibu na keki, lakini kuinama hakuinama. Nililiandika hilo kwenye kumbukumbu.

Wiki iliyofuata yakaja magari mapya: pikapu tatu nyeusi za dabo kabu, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Moja lilipewa Mkurugenzi. La pili nilipewa mimi, kwa kuwa ofisa wa magari akitembea kwa miguu wananchi hukosa imani. La tatu lilikuwa la dharura, na lilihifadhiwa nyumbani kwa Bwana Kimeli kule Elgon View, kwa sababu dharura yoyote huanza na mkubwa kuarifiwa. Ili kulinda ngozi ya viti, nilitoa mwongozo kwamba ndani ya magari hayo hakuna kuingiza jembe, spana, bomba, wala gambuti.

Mafundi waliuliza basi wao watafikaje kazini. Swali lao lilikuwa zuri na lilishughulikiwa. Tuliagiza kila bomba la mita sita likatwe vipande sita, vibebwe kwa bodaboda, kisha viunganishwe upya kwenye mtaro. Viungo viliongezeka, na kwa kawaida kiungo ndicho huvuja. Katika ripoti yangu ya mwezi niliita hali hiyo ongezeko la fursa za ukarabati.

Ndipo bomba kubwa la Langas likapasuka.

Lilipasuka Jumatatu, hatua chache kutoka kwenye zahanati ya akina mama ya mtaa ule. Nesi msimamizi, Sista Lorraine, alipiga simu siku hiyo hiyo. Akapiga Jumanne. Jumatano alinieleza kwamba mama anayekuja kujifungua sasa anatakiwa aje na mitungi miwili ya maji, na kwamba asubuhi hiyo mama mmoja alikuwa amejifungua maji yakiwa bado kwenye foleni na mama mkwe wake, kule kisimani. Alisema walimpangusa mtoto kwa kitambaa kikavu. Nilimshukuru kwa taarifa, nikampa namba ya kumbukumbu.

Bodaboda walijaribu. Bomba lile ni la kipenyo kikubwa, na hata ukilikata, kipande kimoja kinamshinda mtu kukishika nyuma ya pikipiki. Wa kwanza aliangukia kwenye mtaro wa barabarani pamoja na kipande chake. Wa pili alikiangalia kile kipande, akaniangalia, akaondoka.

Siku ya tisa Mama Selpha alikuja ofisini kwangu. Hakuwa na hasira, na ningependelea awe nayo, maana fomu ya hasira tunayo. Alisema ametoka zahanati. Alisema amebeba mitungi tangu alfajiri na majirani zake, kwamba zahanati ile ndiyo iliyompokelea wajukuu wawili, na kwamba kazi yenyewe ni ya saa tano tu kama ana gari lenye kichanja. Akaomba vani namba saba kwa siku moja.

Nilimpa fomu ya kuomba gari. Akajaza. Nikamwonyesha kwamba pale penye namba ya usajili hawezi kuandika usajili wa vani namba saba, kwa kuwa haumo kwenye rejista. Akauliza basi aandike nini. Nikasema hapaswi kuandika chochote, na fomu yenye nafasi tupu haiwezi kuidhinishwa.

Akatazama nje. Dirishani kwangu vani namba saba ilikuwa inaonekana vizuri, bado na utepe wake.

"Kwa hivyo, Mzee, hiyo gari haiko."

"Haiko."

"Basi niandikie hivyo. Niwaonyeshe watu wa mtaa, wasiseme nawadanganya."

Niliona ni ombi la busara. Mwananchi anapotaka maandishi, utawala bora unadai apewe. Niliandika kwamba Shirika linathibitisha halina, halimiliki na wala halihifadhi gari la usajili uliotajwa, mahali popote, ikiwemo uani. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Akakunja barua, akasema asante.

Yaliyofuata niliyapata baadaye kwenye kitabu cha mlinzi. Mama Selpha alishuka hadi gareji. Funguo zote kumi na moja zilikuwa zimetundikwa ukutani, kwa kuwa hakuna utaratibu wa kuficha funguo za vitu visivyokuwepo. Akachukua wake. Alipakia mabomba manne mazima kichanjani akisaidiwa na mwenzake Njenga, akawasha, na gari likawaka mara ya kwanza. Langoni, mlinzi Kiprotich alimtaka pasi ya kutoa gari. Mama Selpha akampa barua yangu.

Kiprotich aliisoma yote. Akaiangalia vani. Akausoma tena muhuri. Ni askari mstaafu na muhuri anauheshimu. Alifungua lango, kisha akaandika kwenye kitabu chake, kwa mwandiko safi: *Saa tatu na robo. Hakuna gari lililotoka. Dereva, Mama Selpha.*

Kufikia saa nane Langas ilikuwa na maji. Sista Lorraine alinitumia picha bila maneno: mama ameketi kwenye benchi la zahanati, beseni mbele yake, na ndani ya beseni mtoto wa siku chache, uso umekunjamana kwa hasira ya kuogeshwa. Nikiri kwamba niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha nikaituma kwa Mkurugenzi, kwa kuwa nyuma ya benchi kulionekana vani namba saba.

Bwana Kimeli alitaka Mama Selpha afutwe kazi. Kikao cha nidhamu kiliitishwa Alhamisi, kikaongozwa na mwenyekiti wa bodi, Mama Rael Jepchumba. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu kutoka Timboroa, mkulima wa viazi, mtu wa miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa mgeni kwenye bodi na hakuwahi kuuona Waraka Nambari 14. Mkurugenzi alisoma mashtaka: kuchukua gari la Shirika bila idhini, na kulitumia.

Mama Rael alimuuliza Mama Selpha ana lipi la kusema. Mama Selpha alisimama, akavuta barua yangu kutoka kwenye kibeti chake, akaiweka mezani.

"Mimi sikuchukua gari, Mwalimu. Mzee Otiende aliniandikia kwamba haiko."

Mwenyekiti aliisoma mara mbili, mara ya pili akifuatisha mistari kwa kidole. Akaagiza kitabu cha langoni, nacho akakisoma. Kisha akamgeukia Mkurugenzi na kumuuliza kitu kimoja tu, gari liko au haliko.

Wote tulielewa ugumu wa swali. Likiwa liko, waraka ni uongo na Langas imekaa siku tisa bila maji kwa ajili ya uongo huo. Likiwa haliko, Mama Selpha hana kosa. Bwana Kimeli alijifuta paji la uso.

"Kimitambo liko," alisema.

"Na lilibeba mabomba kimitambo?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na maji yaliyofika zahanati?"

Mkurugenzi alinigeukia. Niliona wajibu wangu ni kumsaidia, nikanyoosha mkono, nikaeleza uhai wa kimitambo na uhai wa kiutawala, tangu mwanzo, pamoja na faida zake. Mama Rael alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto aliyechelewa shule akieleza habari za mto uliofurika wakati wa kiangazi. Nilipomaliza aliniuliza mimi ni ofisa wa magari gani.

Nilisema ni wa vani kumi na moja. Zile dabo kabu ziko chini ya ofisi ya Mkurugenzi.

"Vani ambazo hazipo."

"Kiutawala, ndiyo, Mwenyekiti."

Alivaa miwani, akaandika kitu. Aliandika polepole, na chumba kizima tukabaki tukisikiliza kalamu. Kisha akasoma. Vani kumi na moja zirudishwe kwenye rejista leo. Mama Selpha awe msimamizi wa mafundi wote. Kwa kuwa vani hazitoshi mji mzima, dabo kabu zote tatu zichomelewe vichanja vya chuma na zianze kubeba mabomba kuanzia Jumatatu, na Mkurugenzi aendelee kulitumia lake, maana si vizuri gari lirudi tupu likiweza kubeba bomba la kushusha njiani. Na cheo cha Ofisa Mkuu wa Magari, kwa kuwa mwenyewe ameeleza vizuri sana kwamba kwa mwezi mzima hakikuwa na gari, kimesitishwa. Mimi binafsi nihamishiwe mahali ambapo kuna kazi.

Vichanja vilichomelewa na vijana wa jua kali, mafundi wa kando ya barabara, na waliochomelea hawakuwa wamezoea viti vya ngozi rangi ya maziwa. Jumapili iliyofuata Bwana Kimeli alifika kanisani na mabomba mawili juu ya gari, kitambaa chekundu kikining'inia nyuma. Waumini walimpisha barabarani. Mzee mmoja alimfuata hadi kwenye ngazi za kanisa, akamshika mkono kwa heshima, akamuuliza kama anaweza pia kumwangalilia tangi la choo.

Mimi nilihamishiwa vani namba saba.

Siku yangu ya kwanza tulikuwa Langas tena, kwenye kiungo kimojawapo kati ya vile nilivyoviagiza. Mama Selpha alikuwa mtaroni, matope hadi magotini. Njenga alikuwa amekwenda kutafuta vali ya kufungia. Nilisimama ukingoni na viatu vyangu vya ofisini, nikauliza kama kuna fomu ya kukabidhiwa majukumu.

"Shuka, Mzee," alisema. "Shika hapa kwa mikono miwili. Usiachilie mpaka niseme."

Nilishuka. Nilishika. Maji yaliruka yakaniingia kwenye mkono wa koti, yakatokea kwenye kola. Mama Selpha alipanda juu kuchukua spana, akakutana na Sista Lorraine, wakaanza kuongea habari za mtoto yule, uzito wake, jina alilopewa. Hadi ninapotangaza haya bado wanaongea kwa starehe, kikombe cha chai kila mmoja mkononi. Nimemwita mara mbili kumuuliza kama muda wa kuachilia umefika.

Anasema bado.