Bitiruti Ndani ya Maharage ya Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi, uliponipa daftari hili ulisema niandike kila siku, kisha nikutumie kwa posta. Naahidi kueleza yote, hata ya kuniumbua. Wewe ni muuguzi, hutashtuka.

Mwalimu wa sayansi atachagua mmoja wetu kwenda kwenye maonyesho. Mada ni safari ya chakula mwilini. Mshindani wangu ni yule tunayemwita Profesa, binti wa fundi cherehani jirani. Amenunuliwa tumbo la plastiki linalofunguka kwa bawaba. Mimi nina matumbo halisi, nyumba nzima. Nafasi ni yangu.

Jumanne, 4 Machi
Wanga huanza kusagwa mdomoni kwa mate. Nyama husubiri asidi ya tumbo. Mafuta ndiyo wazembe, hungoja nyongo. Lakini safari nzima huchukua saa ngapi? Nitapima mwenyewe. Bitiruti hupaka rangi nyekundu inakopita, basi nimekwangua mbili nikazificha kwenye maharage mekundu. Sikumwambia mtu. Anayejua anapimwa huharibu matokeo.

Baba alikuwa ameshakula kazini. Mama alisema maharage humjaza gesi. Bibi alikula sahani mbili, akanisifu kwamba nina mkono wa kupika. Saa moja na nusu jioni, nimeandika.

Jumatano, 5 Machi
Nimebandika karatasi mlangoni mwa choo: jina, saa, rangi. Baba ameandika kwenye safu ya rangi: “Hayakuhusu.” Bibi, hakuna kitu. Subira.

Alhamisi, 6 Machi
Matokeo! Saa tatu asubuhi Bibi alitoka chooni, akavaa gauni lake jipya, akajilaza mikono kifuani. Akatuita. Alisema damu inamtoka, siku zake zimefika. Akagawa mali. Baba redio, Mama masufuria, wewe kuku. Mimi miwani.

Nikapiga hesabu: saa thelathini na saba na nusu. Safi kabisa.

Hapa unihukumu, Shangazi. Nilinyamaza hadi nilipomaliza kuandika. Mama alikuwa analia na Baba anatafuta teksi ndipo niliposema, “Bibi, si damu. Ni bitiruti.”

Bibi aliketi polepole. “Yaani nimegawa redio yangu kwa ajili ya bitiruti?”

Aliitaka irudi. Baba alikuwa ameshaihamishia chumbani kwake, akasema kilichotolewa kimetolewa. Nimepigwa marufuku jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Bawaba ya Profesa ilikatika, ini likaviringika chini ya madawati. Nilisimama kwa kujiamini, nikasoma saa zangu. Mwalimu aliuliza nimepima watu wangapi. Mmoja. Akauliza kama aliridhia. Nikatazama dari.

Ametupa wiki moja zaidi. Profesa agundishe ini, mimi nipime watu wawili walioridhia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefanikiwa! Bibi ameridhia kwa maandishi, na marufuku ya jikoni ameifuta mwenyewe. Baba hatujamuuliza. Bibi anasema yeye ndiye aliyemzaa, anaridhia kwa niaba yake. Safari hii bitiruti nne. Kaka yako akijiona anakufa, redio itarudi yenyewe.

Nijibu kwa simu siku hiyohiyo utakapopata daftari hili, Shangazi, maana tunapika Jumatano: Baba akila saa moja jioni, nyama nyingi na mboga kidogo, nianze kusimama mlangoni mwa choo saa ngapi?