Watafiti Watano na Kimya cha Mke Wangu

Naftaly Runji,
Runyenjes, Embu.

Kwa Mkuu wa Idara ya Saikolojia.

Daktari Mheshimiwa,

KUH: WANAFUNZI WENU WALIO NYUMBANI KWANGU

Nakusalimu kwa heshima, nikiamini kwamba wewe na wa nyumbani kwako mnazungumza.

Mimi ni mwandishi wa habari mstaafu. Tangu Januari mke wangu, Gladwell, hajaniambia neno. Majirani anaongea nao, kanisani anaimba, hata ng'ombe humsemesha akimkama. Mimi ananiwekea chakula mezani na kutoka. Nilipoiomba idara yako mtaalamu, nilidhani saikolojia ni moja. Mlinitumia wanafunzi watano, kila mmoja na tawi lake. Kimya kingalipo, nami nina malalamiko yafuatayo.

1. Yasser, wa saikolojia ya tabia, alisema yaliyo moyoni hayapimiki. Kinachopimika ni tendo, na tendo likituzwa hurudiwa. Kwa hiyo hakumuuliza Gladwell chochote. Alikaa karibu na jiko akiwa na ndizi mbivu, tayari kumpa moja mara tu akinisemesha. Lakini Yasser amelelewa vizuri, haingii kwa watu mikono mitupu. Kila alipokuja alibeba sukari na mkate, na wenzake vivyo hivyo. Kosa utaliona mwenyewe: Gladwell akinyamaza, kesho sukari inakuja. Ndizi nilizila mimi, na siku hizi nikisikia pikipiki langoni mate yananitoka.

2. Joyline, wa saikolojia ya utambuzi, hakubaliani na Yasser. Kwake siri iko katika jinsi akili inavyopokea na kuhifadhi habari, ila mwenye akili ndiye wa mwisho kujua inavyofanya kazi, hivyo kumuuliza ni bure. Alimwonyesha Gladwell picha kwenye kompyuta, abonyeze kitufe akiona uso anaoutambua. Uso wangu ulichukua muda mrefu kuliko wa fundi aliyetuwekea mabati. Joyline aliuita huo ugunduzi mzuri. Nilimwomba autafutie jina lingine.

3. Mutuma, wa saikolojia ya jamii, anaamini mtu hutenda kama wanaomzunguka wanavyotarajia. Alisambaza hojaji sokoni akiuliza, kwa kipimo cha moja hadi tano, kama mimi ni mtu wa kunyamaziwa. Watu waliacha wateja wao ili wajibu. Wengine walichukua hojaji mbili. Kisha akahitaji kundi la kulinganishia, yaani mke asiye na ugomvi wowote anyamaze kwa makusudi. Cicily, mke wa jirani yangu Kathuri, akajitolea. Jaribio lilipokwisha, Kathuri alinijia kwa hasira: "Mzee Runji, hao watoto wako wa chuo wamenirudishia Cicily akiongea vilevile. Nani aliwaambia wamalize?" Hanisalimu tena.

4. Yule wa saikolojia ya makuzi anataka kumfuatilia Gladwell kwa miaka ishirini, akimpima kila Januari. Nilimtajia umri wangu. Alinituliza kwamba washiriki wengine hupotea njiani, na hesabu zake zimelizingatia hilo.

5. Rahema, wa saikolojia ya kliniki, hachunguzi umati. Huchunguza mtu mmoja kwa kina, na lazima mtu huyo aje kwa hiari. Gladwell hakuja. Nilienda mimi kueleza hali yake. Sasa faili lina jina langu. Rahema aliniuliza kuhusu utoto wangu kule Kiritiri na mbuzi niliyemchunga. Nililia, jambo ambalo nalitaja kwa ajili ya usahihi tu.

Mimi mwenyewe sikumuuliza Gladwell, kwa kuwa mwandishi hahoji upande mmoja wa mgogoro akiwa yeye ndiye upande wa pili.

Basi naomba kwanza watano hawa wafungiwe chumba kimoja hadi wakubaliane, na tawi litakaloshindwa liondolewe kwenye mtaala. Pili, kwa kuwa mke mmoja ni sampuli ndogo, waume na wake wa wahadhiri wote wanyamaze muhula huu, wewe ukianza na wako, ili matokeo yafae nchi nzima. Tatu, nipewe barua yenye mhuri ikithibitisha kwamba mimi si kisababishi.

Nikikosa yote hayo, nitaridhika na tawi lolote litakalomfanya aniambie hata kwamba chai imepoa.

Wasalimie wahadhiri, makarani, wapishi, na askari wa lango lenu, ambaye alinisemesha vizuri sana.

Wako anayesikiliza,
Naftaly Runji

Tanbihi: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Nilipokuwa nikiigundisha Gladwell aliingia, akatazama mikono yangu, akasema, "Kwani umemaliza?" Nikauliza nimemaliza nini. "Si uliniambia Januari nisikusemeshe mpaka umalize kuandika? Na tangu hapo, Baba Kiunga, ni lini umeweka hiyo kalamu chini?"

Tafadhali ichukulie barua hii kama haijaandikwa. Watafiti wasije. Ananieleza yote niliyoyakosa, mwezi kwa mwezi, na ndiyo kwanza tumeingia Februari. Ametoka kidogo kumwangalia ng'ombe. Nasikia viatu vyake mlangoni, naficha kalamu.